Kadi ya Kijani

Pale hospitalini walimwita Mama Maafa, na yeye mwenyewe alikuwa ameshazoea kuitika. Jina lilianza kama utani wa chumba cha chai, siku mganga mkuu alipomkabidhi kazi ya kuandika mpango wa dharura wa hospitali, kazi ambayo wenzake wote waliikwepa kwa kuinamia vikombe vyao. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika uuguzi, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti isiyohitaji kupandishwa ili isikike. Akapewa chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, chenye dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia nguo za wodini, na meza iliyotoka chumba cha sindano, bado ina madoa ya aidini.

"Mama Maafa, leo kinaporomoka nini?" mfamasia alikuwa akimuuliza kila asubuhi.

"Leo ni zamu ya famasi. Kaa karibu na mlango."

Alicheka nao, lakini kazi aliifanya kwelikweli. Aliuzunguka mji kwa miguu, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kituo cha mafuta aliuliza tangi limefukiwa wapi. Shuleni alihesabu milango, na alipokuta mmoja umepigiwa misumari aliuliza kwa nini, asipewe jibu. Aliandika namba za simu za kila daktari, kila dereva, kila mwenye gari la mizigo. Baada ya mwaka na nusu alikuwa na kurasa thelathini na moja ndani ya faili la bluu.

Ukurasa wa kumi na tisa ulitokana na mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha barafu kilichokuwa ng'ambo ya reli, mwendo wa dakika kumi kutoka hospitalini. Walizaliwa wawili tu, na Jumapili mchana walikuwa wakikutana kwa mama yao. Fundi alikuwa mtu wa maneno, kila habari aliipamba mpaka ikavimba. Jumapili moja akaingia macho mekundu.

"Umelia?" mama akauliza.

"Nimelizwa, Mama. Bomba la kazini limeniliza." Akaketi, akamgeukia dada yake. "Dada, ile gesi ya kugandishia, amonia, inapita kwenye bomba lililoliwa na kutu, unaweza kulitoboa kwa ukucha. Nimelifunga kwa mpira na waya. Mpira na waya! Kila mwezi naomba bomba jipya, kila mwezi naambiwa liko njiani. Nadhani linakuja kwa magoti."

"Na hilo la zamani likipasuka?"

"Likipasuka sitakuja kukusimulia."

Mama akamkemea, yeye akacheka. Dada hakucheka. Wiki ile alimfuata daktari aliyekuwa na vitabu, akasoma, akaandika. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema kwamba waliopigwa na gesi waoshwe kwa maji mengi nje ya jengo kabla ya kuingizwa ndani. Ulisema wapewe oksijeni mapema. Kisha, kwa mistari miwili aliyoipigia wino chini yake, ulisema kwamba mtu yeyote aliyevuta gesi ile, hata akiwa anatembea na kucheka, asiruhusiwe kuondoka wala kufanya kazi. Alazwe na aangaliwe mchana na usiku, kwa kuwa mapafu huweza kujaa maji polepole, saa nyingi baadaye, na kadiri mtu anavyojitumikisha ndivyo yanavyojaa upesi. Katika mpango ule kila majeruhi angefungwa kadi mkononi: nyekundu kwa anayehitaji msaada sasa hivi, njano kwa anayepaswa kulala chini ya uangalizi, kijani kwa anayeweza kusubiri, nyeusi kwa yule ambaye hakuna tena la kumfanyia. Sentensi ya mwisho ya ukurasa ilikuwa fupi: Aliyevuta gesi asipewe kijani.

Kamati ya maafa ilikaa kuupitia. Afisa kutoka ofisi ya wilaya alisimamisha kidole kwenye ukurasa huo.

"Hapa umekitaja kiwanda. Watu wakisikia wataingiwa hofu. Na mwenye kiwanda akituuliza tuna ushahidi gani?"

"Ushahidi ni bomba lenyewe, mzee. Twende tukalione."

"Tutakwenda," afisa akasema, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Hawakwenda. Kiwanda kikafutwa, ukurasa ukabaki unasema "mahali popote penye gesi", na wajumbe wote wakatia saini.

Zoezi lilifanyika mara moja. Wanafunzi wa uuguzi walipakwa wino mwekundu, wakalala uwanjani wakipiga mayowe. Mmoja alishikwa na kicheko kisichokoma, ikabidi ahamishiwe upande wa maiti. Mitungi kumi na miwili ya oksijeni ilipangwa chini ya turubai, wageni wakapiga picha. Mingi ilikuwa ya kuazima. Kesho yake ikarudi ilikotoka.

Baada ya hapo mpango ukaanza kuliwa kidogo kidogo, na wala si watu wabaya walioula. Tanki la maji la lita elfu tano, lililowekwa karibu na lango kwa ajili ya kuoshea watu, lilihamishiwa wodi ya wazazi, maana mabomba ya mji yalikuwa yakikauka siku nne kwa wiki na mwanamke hawezi kuzalishwa mahali pasipo na maji. Mama Maafa mwenyewe ndiye aliyesaini lihame. Angekataaje? Barakoa za gesi zilizoagizwa hazikufika. Vichwa vya kufungia mitungi ya oksijeni, vile vya chuma vyenye kipimo, viliharibika kimoja kimoja. Madaktari walihamishwa, namba zikafa. Alikuwa akizifuta kwa kifutio na kuandika nyingine kwa penseli, mpaka karatasi ikachanika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne na robo asubuhi. Alikuwa akibishana na mtu wa dobi kuhusu mashuka yaliyorudi yakiwa mabichi, mlinzi wa lango alipompigia simu.

"Mama, njoo huku. Kuna watu wanakuja mbio, wamejiziba nyuso. Na kuna harufu, sijui niseme nini, kama choo cha shule."

Alijua kabla hajafika. Akapitia ofisini, akachukua faili na boksi la kadi, na huku anatembea akaanza kupiga simu. Orodha ilikuwa na namba kumi na sita. Sita zilipokelewa, na mmoja wa hao sita alimweleza kwa upole kwamba alishahama wilaya mwaka uliopita. Daktari wa pili alikuwa semina mji mwingine. Ambulensi ilikuwa imeondoka alfajiri na mama aliyetokwa damu, kuelekea hospitali ya rufaa, mwendo wa saa sita kwenda na saa sita kurudi.

Mganga mkuu alimkuta langoni, anakunja mikono ya shati. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Mama, mpango ni wako. Sema tufanye nini."

"Wewe kaa ndani na wekundu, Daktari. Mimi nasimama hapa. Asiingie mtu bila kupita mkononi mwangu."

Wakaja. Wengine kwa pikipiki, wawili kwa mpigo nyuma ya dereva, wengine juu ya mikokoteni ya mizigo, wengine kwa miguu wakishikana mabega kama vipofu, na kweli walikuwa hawaoni. Wanawake wa chumba cha kufungasha ndio walioumia zaidi. Aproni zao zilikuwa zimelowa, na gesi ile hupenda penye maji. Ilikuwa imewachoma kwapani, shingoni, kwenye mikunjo ya viwiko. Maji ya kuwaoshea yalikuwa wodi ya wazazi, hatua mia mbili kutoka langoni. Akawapanga wafua nguo, wapishi na ndugu waliokuja kutazama wagonjwa wao, wakashikana mstari wa ndoo. Vikombe vya chai vikawa vya kuoshea macho. Kila ndoo ilifika nusu, nyingine ilimwagikia viatuni.

Alifunga kadi. Nyekundu, nyekundu, njano, nyeusi. Mkono wake ulikuwa mwepesi na kichwa chake kimetulia, hata yeye alishangaa. Mara mbili aliuliza mtu, "Umemwona fundi?" Wa kwanza hakuweza kusema. Wa pili alisema, "Yuko mle ndani, anafunga."

Kisha likaja gari la kusambazia barafu, taa moja imepasuka, watu wamelazwa nyuma juu ya magunia yaliyolowa. Mdogo wake ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Akashuka, macho yamevimba, taulo limening'inia shingoni.

"Nimeifunga, Dada. Koki kubwa. Gesi haitoki tena."

"Ulikaa mle muda gani?"

"Nilijifunga taulo la maji."

"Nimekuuliza muda gani."

"Sijui. Kidogo." Akakohoa mara moja, akageuza uso. "Sikiliza, bado kuna watu kule. Chumba cha kufungasha, wamelala chini. Dereva amekimbia, na hili gari bovu hakuna mwingine anayeliweza. Gia ya pili lazima uibembeleze."

Dada akamtazama. Alikuwa amesimama wima, anapumua, anazungumza kama kawaida yake. Alitazama barabara. Hakukuwa na gari jingine. Simu za wenye malori alikuwa amezipiga zote. Mmoja alikuwa njiani, wa pili alisema dereva wake anaogopa.

"Kohoa nisikie."

Akakohoa. Kikohozi kikavu, kidogo.

"Unaona? Mimi mzima."

Alitoa kadi ya kijani boksini akamfunga kwenye kifundo cha mkono. Baadaye alijiambia kwamba alifanya vile ili wasaidizi wa langoni wasimzuie kutoka. Pengine ilikuwa kweli. Lakini mkono ulipokuwa unakaza ule uzi, ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa wazi kichwani mwake, mistari yake miwili ya wino chini.

"Nenda mara moja," akasema. "Ukirudi unalala."

"Nikirudi nalala mpaka Jumapili."

Alirudi na watu tisa. Alisaidia kuwashusha, mmoja mmoja, wawili kati yao akiwabeba mgongoni. Dada yake akamwambia, "Basi, inatosha, nenda kalale pale," naye akaitikia kwa kichwa. Wakati huo mwanamke mmoja alianguka miguuni pa dada, dada akainama kumshika, na alipoinuka gari lilikuwa limeshageuza. Angeweza kupiga kelele. Sauti yake ilikuwa inafika mpaka barabarani. Hakupiga.

Safari ya tatu alileta saba, watatu wakiwa wamekufa. Kwa jumla alikuwa ameleta watu ishirini na sita.

Ilipofika saa nane watu walipungua langoni. Dada akanyoosha mgongo, akatazama huku na huku, akamwona mdogo wake chini ya kamba za nguo, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, viwiko juu ya magoti. Akamwendea.

"Nilikwambia ulale."

"Nikilala pumzi inakataa. Hivi... ndiyo nafuu."

Muuguzi wa miaka mingi kama yeye hahitaji kuelezwa maneno hayo yana maana gani. Akamwekea sikio mgongoni. Ndani kulikuwa na sauti kama ya karatasi nyembamba inayokunjwa, chini kwenye mbavu na juu karibu na mabega. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Machela!" akaita, na safari hii sauti aliipandisha.

Stoo kulikuwa na mitungi mitano iliyojaa. Vichwa vya kufungia vilivyokuwa vinafanya kazi vilikuwa vitatu. Kimoja kilikuwa kwa mlinzi wa kiwanda, kimoja kwa mpishi wa kantini mwenye watoto wanne, kimoja kwa binti wa chumba cha kufungasha, aliyekuwa hajafikisha miaka ishirini, amelazwa karibu na dirisha, macho yamefungwa bandeji. Mganga mkuu alimchoma fundi sindano ya kutoa maji mwilini, akasimama, akamvuta Mama Maafa kando.

"Vyote vitatu vina watu."

"Nimeona."

"Yule binti hali yake ni mbaya kuliko wote. Sijui kama atafika kesho. Nikimwondolea..." Akafuta miwani kwa koti lake chafu, ikazidi kuchafuka. "Mama, siwezi kuamua hili. Ni mdogo wako."

"Kwa hiyo niamue mimi?"

"Mpango unasema mtu wa langoni ndiye..."

"Najua unasema nini. Niliuandika."

Akaenda mpaka kitanda cha dirishani. Binti alikuwa ameishika barakoa ya hewa kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Alisikia nyayo.

"Nani hapo?"

"Muuguzi."

"Usiondoke."

Alisimama pale kwa muda ambao baadaye hakuweza kuukadiria. Kisha akamfunika binti miguu, iliyokuwa imetoka nje ya shuka, akarudi mikono mitupu.

Alipanda juu ya kitanda cha mdogo wake, akaegemea ukuta na kumkalisha mbele yake, mgongo wake kifuani pa dada, maana kulala hakuweza. Povu lilikuwa limeanza mdomoni, jepesi, lenye rangi ya waridi. Akawa anampangusa.

"Lile bomba," fundi akasema.

"Usiseme."

"Mwambie bosi... sasa... lisije tena."

Hata hapo alikuwa anatafuta kumchekesha. Hakusema neno jingine. Ilimchukua saa nzima, na saa hiyo yote dada yake alihesabu pumzi zake bila kutaka, kwa mazoea tu ya kazi. Alikufa saa kumi kasorobo mchana, huku mfamasia akikimbia wodini na kichwa cha mtungi alichokiazima zahanati ya jirani. Kilipojaribiwa kikaonekana hakilingani na mitungi yao.

Binti wa dirishani alipakiwa jioni hiyo kwenye lori la mtu kwenda hospitali ya rufaa, na mtungi wa mwisho ubavuni. Mama Maafa alipiga simu kule mara nne wiki iliyofuata. Wa kwanza alimwambia asubiri. Wa pili alisema jina halionekani kwenye kitabu. Wa tatu na wa nne hawakupokea. Mpaka leo hajui kama yule binti aliishi.

Waliokufa walikuwa thelathini na mmoja. Saba kati yao waliingia hospitalini kwa miguu yao.

Siku ya tatu ya msiba, wifi yake, mke wa fundi, alimwita chumbani. Sebule ilikuwa imejaa wanawake, lakini chumbani walikuwa wawili tu, na kitandani kulikuwa na nguo za kazi za marehemu zilizorudishwa ndani ya mfuko wa plastiki. Wifi yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache. Watu walishangaa alivyoolewa na msemaji kama fundi. Alimwonyesha ile kadi.

"Hii ilikuwa mkononi mwake. Ni ya nini?"

"Ya kuonyesha hali ya mgonjwa."

"Kijani ni nini?"

"Ni mtu anayeweza kusubiri."

"Nani alimfunga?"

"Mimi, wifi."

Nje mtu aliangusha sufuria, wanawake wakaguna. Wifi yake hakugeuka.

"Na alikuwa anaweza kusubiri?"

"Hapana."

"Ulijua wakati ule, au umejua baadaye?"

Angeweza kusema habari za gari, za dereva aliyekimbia, za simu kumi na sita. Alikuwa amezipanga zote kichwani, usingizi ukiwa umemkataa.

"Nilijua."

Wifi yake akaketi kitandani. Akaiweka kadi juu ya nguo za kazi.

"Wale aliowaleta, walio hai ni wangapi?"

"Kumi na watano."

"Kumi na watano," wifi akarudia. "Mimi simjui hata mmoja wao." Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Toka, wifi. Nataka kubadilisha nguo."

Hawakugombana, si siku ile wala baadaye. Miezi miwili ikapita, wifi akaomba uhamisho wa shule, akahamia karibu na wazazi wake na watoto wote wawili. Watoto walimuaga shangazi yao kwa kumkumbatia kiunoni, mama yao akapunga mkono kutoka dirishani mwa gari. Namba yake ya simu ikabadilika. Mpya hakupewa.

Ripoti Mama Maafa aliiandika mwenyewe, kwa mkono, kurasa nane. Aliandika habari ya tanki na saini yake. Aliandika habari ya vichwa vya mitungi. Ukurasa wa sita aliandika: Nilimpa kijani mtu aliyevuta gesi, kinyume cha mpango, kwa sababu nilihitaji dereva. Akampelekea mganga mkuu.

Mganga aliisoma akiwa amesimama dirishani.

"Hii sentensi ya ukurasa wa sita ni ya nini?"

"Ndiyo iliyotokea."

"Ningekuwa mimi pale ningefanya vivyo hivyo. Yeyote angefanya."

"Basi iandikwe kwamba yeyote angefanya."

"Mama," akasema taratibu, "ukiiacha hii, watakachokumbuka ni hiki peke yake. Bomba halitazungumzwa. Maji hayatazungumzwa. Watasema muuguzi alikosea kadi, wafunge faili. Ndicho unachotaka?"

Mzee alikuwa anasema kweli. Lakini sentensi hakuifuta. Ripoti ilipotoka wilayani imechapwa, ilikuwa ya kurasa mbili na nusu. Sentensi yake haikuwamo, na bomba halikuwamo, wala maji. Ilisema kwamba mpango wa dharura wa hospitali ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa, na kwamba mratibu wake apongezwe. Afisa yule yule alikuja na cheti ndani ya fremu. Alimpa mkono, akamwambia pole kwa msiba, na machozi yalimlenga kwelikweli. Mama Maafa aliyaona, akashindwa hata kumchukia.

Kiwanda kilifungwa wiki tano. Kilipofunguliwa alikwenda mwenyewe, siku ya mapumziko yake, akamwomba mlinzi mpya amruhusu kuchungulia. Mabomba yalikuwa yamepakwa rangi ya fedha, yanang'aa. Pale palipopasuka palikuwa pameunganishwa kipande kipya, kirefu kama mkono. Kabla yake na baada yake lilikuwa bomba lile lile.

"Nani fundi sasa?" akauliza.

"Kuna kijana," mlinzi akasema. "Bado anajifunza."

Akaenda kwa afisa, akaenda kwa mganga mkuu, akaandika barua mbili. Zilipokelewa vizuri, zikagongwa mhuri wa tarehe. Aliomba aondolewe kazi ya mpango, arudishwe chumba cha kufunga vidonda. Mganga mkuu akamwambia hakuna mwingine wa kumpa, na wilaya imeagiza mpango mpya upatikane kabla ya mwisho wa mwezi. Wafanyakazi wenzake waliacha kumwita Mama Maafa. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake waache. Liliwashinda tu kutoka mdomoni. Wakawa wanamwita Sista, kama mgeni, na mfamasia asubuhi alimsalimia kwa heshima na kupita.

Mama yao alihamia kwake. Uzee ulikuwa umempunguza nguvu za miguu, lakini ulimi na kumbukumbu vilikuwa imara, na wageni waliokuja kumpa pole waliendelea kuja kwa muda mrefu. Kila aliyekuja alihadithiwa upya.

"Watoto wa wenzangu, wengine walikufa barabarani," mama alikuwa akisema, "wengine hawakujulikana mpaka kesho yake. Wangu alifika kwa dada yake. Dada yake alimpokea kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa naye mpaka mwisho. Sasa mimi nilalamike nini? Mungu anipe nini tena?"

Mara ya kwanza binti yake alitaka kusema. Alifungua mdomo, akamwona mama yake amenyoosha mgongo kitini, uso umetulia, na akaelewa kwamba hayo ndiyo yote mama aliyobakiziwa. Akaufunga. Mara zilizofuata hakujaribu.

Asubuhi moja ya Jumatatu alikuja jirani aliyekuwa safarini kipindi cha msiba. Mama akamkaribisha, akaanza tangu mwanzo. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, amevaa sare, begi begani, anachelewa zamu.

"Mwulize mwenyewe huyu hapa," mama akasema. "Si ulikuwa naye?"

Jirani akageuza macho, yamejaa huruma.

"Nilikuwa naye, Mama," akasema, akatoka, akavuta mlango nyuma yake, akaenda kazini.